Mwanangu, kuhusu lile swali lako la wema wa Mungu

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako niliiona usiku uleule ulioituma, sikujibu kwa sababu jambo kama lile halijibiwi kwa mistari miwili ya simu, nikasema ngoja nitulie nikuandikie vizuri hata kama itakuwa ndefu, wewe soma tu hata kwa vipande vipande. Umesema mchungaji akisema "Mungu ni mwema" watu wote wanaitikia "kila wakati" na wewe mdomo unakuwa mzito, tangu mama yenu aondoke unaona ukiitikia utakuwa unadanganya. Sijashtuka mama, wala sijakasirika. Mtu ambaye hana habari na Mungu swali hili halimnyimi usingizi. Wewe linakunyima kwa sababu bado una maneno naye, bado unataka akujibu, na hiyo kwangu mimi ni imani kabisa.

Kuna maneno tuliambiwa pale msibani, kazi ya Mungu haina makosa, Mungu amempenda zaidi. Najua waliosema walikuwa na nia njema na wengine walilia kuliko hata sisi. Lakini usijilazimishe kuyameza. Wale rafiki zake Ayubu siku saba za kwanza walifanya jambo zuri sana, walikaa naye chini mchana na usiku bila kumwambia neno kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno, wakaja kuharibu pale walipoanza kumwelezea. Na ukifika sura ya 42 Mungu anawaambia wao ndio hawakunena sawasawa, sio Ayubu, Ayubu huyuhuyu aliyelalamika sura baada ya sura mpaka akailaani siku aliyozaliwa! Waliokuwa wanamtetea Mungu ndio waliokemewa. Hilo linanipa nguvu sana.

Na kitabu hicho kina jambo jingine ambalo nataka ulitazame kwa makini. Ayubu anauliza kwanini, halafu Mungu anapojibu kutoka kwenye ule upepo wa kisulisuli hamwambii kwanini. Hata ile habari ya mwanzo wa kitabu, ile ya Shetani kuruhusiwa kumjaribu, hamgusii, Ayubu anafika mwisho bila kuijua. Badala yake anaanza kumwonyesha vitu, yaani sura nzima nzima ni vitu tu, nyota za Kilimia, ghala za theluji, mbuzi mwitu anazaa majabalini hakuna hata wa kumsaidia, makinda ya kunguru yanalia njaa, mbuni anatimua mbio mpaka anamcheka farasi na aliyempanda. Na pale sura ya 38 mstari wa 26 anasema ananyesha mvua kwenye nchi isiyo na watu, jangwani ambako hakuna mtu. Hebu usome taratibu. Hapo hakuna shamba la mtu, hakuna aliyeomba, hakuna wa kusema asante, na bado mvua inanyesha na majani yanaota. Mimi nimekaa na mstari huo muda mrefu toka mama yenu afariki. Nimeona wema wa Mungu haukuanzia kwenye mambo yangu na wala hauishi mambo yangu yakiharibika, unamwagika hata pasipo na wa kuuona kwa sababu yeye ndivyo alivyo. Ayubu akishaonyeshwa yote hayo anasema sasa jicho langu linakuona, na anasema hivyo akiwa bado na majipu, watoto bado wamekufa, hajarudishiwa kitu hata kimoja.

Unakumbuka ile asubuhi ya mazishi ilivyokuwa. Usiku ilinyesha, kukakucha jua safi, kila jani lina matone yanang'aa na ndege wanapiga kelele kila mahali. Mimi niliumia sana kuona vile. Niliona dunia haina adabu, mke wangu yuko ndani ya jeneza halafu mbingu imevaa kama inaenda harusini. Sikumwambia mtu. Nilichokifanya ni kumwambia Mungu mwenyewe hivyohivyo, kwamba uzuri wako leo unaniuma.

Sasa nenda Mathayo 6, pale Yesu anaposema tuyafikirie maua ya mashamba, kwamba hata Sulemani katika fahari yake yote hakuvikwa vizuri kama moja la hayo. Tunaupenda huo mstari tunaishia hapo. Mstari unaofuata anasema majani hayohayo yapo leo na kesho yanatupwa kalibuni, yaani kwenye tanuru la moto. Yesu alijua kabisa kwamba ua lile linakufa kesho, na bado akalinyooshea kidole akasema angalieni Baba anavyolivika. Kwa hiyo uzuri ambao Mungu anautoa sio ahadi kwamba kitu hakitakufa. Anakivika kwa gharama zote hata kama ni cha siku moja. Mama yenu nae alivikwa vizuri mwanangu. Tulimwona. Miaka tuliyopewa naye haikuwa ya uongo kwa sababu imekatika, ilikuwa wema wa kweli na haiwezi kurudi nyuma ikawa sio.

Ila usinielewe vibaya, saratani sio nzuri na sitakuja kuisifu hata siku moja. Warumi 8:28 watu wanaitumia kama vile inasema mambo yote ni mema, haisemi hivyo, inasema katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema. Na mistari michache juu yake Paulo anasema viumbe vyote vinaugua. Yesu alipofika kwa Lazaro alikuwa anajua anakwenda kumfufua, na bado alilia. Kama yeye aliyekuwa na jibu mkononi alilia, mimi na wewe tusione aibu.

Nikuambie kitu ambacho hukukiona kwa sababu ulikuwa umerudi kazini. Kwenye ile wodi kulikuwa na nesi wa zamu ya usiku, mtu mkimya hata salamu yake fupi. Mama yenu ngozi ilikuwa imekuwa nyembamba sana na akiguswa na mkono wa baridi mwili mzima unashtuka, na kushtuka kwenyewe kunamuumiza. Yule nesi kila alipokuja kubadilisha dripu au kumgeuza anasimama kwanza pembeni ya kitanda, anasugua viganja vyake, anavipuliza, anavijaribu kwenye shavu lake mwenyewe aone kama vimepata joto, ndio anamgusa. Hakuna aliyemwagiza na usiku ule wagonjwa walikuwa wengi. Usiku mmoja alivyoondoka mama yenu akaniambia, "Yule anajua mimi bado ni mtu." Halafu akanyamaza kidogo akasema, "Mungu amekuja kunigeuza." Mimi nilitoka nje ya wodi nikalia. Nilikuwa naomba uponyaji kwa kufunga na kukesha, uponyaji haukuja, sitaki kukuficha, mpaka leo sijui kwanini haukuja. Lakini siwezi kusema hakuja mtu.

Na Zaburi aliyokuwa anaitaka mimi nimsomee ni ya 34, onjeni mwone ya kuwa Bwana yu mwema. Wewe unaijua kwa kuimba lakini angalia maneno madogo yaliyoandikwa juu yake kabla haijaanza, yanasema ni ya Daudi alipojifanya kichaa mbele ya mfalme mgeni. Habari yenyewe iko 1 Samweli 21, Daudi amemkimbia Sauli, ameingia kwa maadui, ameogopa mpaka anakwaruza milango na mate yanamtiririka kwenye ndevu ili wamwone mwendawazimu wamwache. Huyo ndiye anasema onjeni. Hajaandika akiwa kwenye kiti cha enzi na mambo yamenyooka, amebanwa pande zote na heshima yote imeisha. Ndio maana humohumo mstari wa 18 anasema Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo. Mama yenu alikuwa ananisimamisha hapo kila mara, "rudia hapo". Maombolezo nayo ni vilevile, rehema mpya kila siku asubuhi iko katikati ya kitabu cha mji uliobomolewa, watoto wanazimia kwa njaa barabarani, na mtu huyohuyo anayeisema ametoka kulalamika kwamba amevunjwa meno kwa changarawe. Havifutani. Vimeandikwa sura moja na mtu mmoja.

Halafu kuna jambo la Yesu mwenyewe ambalo siku hizi ndilo ninalolishika kuliko yote. Alipofufuka mwili wake ulikuwa mpya, milango imefungwa na yeye anaingia, mauti haimwezi tena. Lakini alama za misumari zilikuwepo! Angeweza kufufuka bila zile alama. Akamwambia Tomaso lete kidole chako utazame mikono yangu, lete na mkono wako uutie ubavuni mwangu. Kwa hiyo utukufu wa Mungu una makovu ndani yake, na sio makovu ya kuficha, anayaonyesha kwa rafiki yake aliyekuwa na mashaka, na Tomaso hakufukuzwa kwa sababu ya mashaka yake, aliitwa asogee karibu zaidi. Mimi naamini siku tutakayomwona mama yenu hatutaambiwa tusahau ile wodi. Naamini hata ule usiku utakuwa umeingia kwenye uzuri wake kwa namna ambayo sasa hivi siwezi kuieleza.

Basi mama, Jumapili nenda ibadani kama unaweza. Ikifika ile ya kuitikia na mdomo ukagoma, usiulazimishe, kaa kimya, wenzako waliokuzunguka wataitikia na wewe utakuwa ndani yake, si na wewe umewaitikia wengine wengi walipofiwa. Nyumbani ukitaka kuomba na maneno hayaji soma Zaburi ya 88, ile inaanza na kilio na inaishia gizani bila kugeuka kuwa furaha, na wazee waliiacha humo kwenye Biblia ili watu kama wewe wawe na cha kusoma. Na ukiona kitu kizuri, machweo au mtoto wa mtu anacheka, usijinyime kukifurahia eti kwa sababu mama hayupo, hilo yeye asingelitaka kabisa, unamjua alivyokuwa akituita wote nje tuone mwezi.

Mdogo wako anaendelea vizuri, analala na kanga ya mama, nimemwacha alale nayo. Ukimaliza kusoma nipigie hata kama ni usiku sana, silali mapema siku hizi, na kama kuna mahali hukubaliani na mimi niambie wazi tubishane.

Baba yako