Barakoa zishonwe kwa vipimo, na ndoo zitiwe sabuni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Tangu Shirika la Afya Duniani litangaze, tarehe 5 Mei 2023, kwamba Uviko-19 si dharura ya kimataifa tena, mabarazani imebaki kauli moja: barakoa hazikusaidia kitu. Siikubali. Nyingi zilizouzwa katika masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe, hapa Unguja, zilikuwa kipande kimoja cha kitambaa na mipira miwili ya masikio, na ndoo nyingi zilizowekwa milangoni mwa maduka zilikuwa na maji matupu. Maradhi mengine ya kuambukizwa kwa pumzi yatakuja, na mafundi wetu wataitwa tena kwenye vyerehani. Bora vipimo vijulikane mapema.

Mwezi Juni 2020 Shirika hilo lilishauri barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu. La ndani, linalogusa mdomo, liwe pamba inayonyonya unyevu. Kanga inafaa, lakini isiwe mpya. Kanga mpya ina wanga, huonekana imeshikana. Ikifuliwa mara mbili tatu nyuzi zinaachia na barakoa inajikunja. Kwa hiyo ifuliwe kwanza, ikatwe baadaye. La nje liwe tetroni, kile kitambaa cha sare za skuli, maana hakinywi maji upesi. La katikati ndilo mafundi wanaloliruka kwa kudhani halipatikani, na kumbe limetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni: ile mifuko laini ya sokoni iliyoshika nafasi ya mifuko ya plastiki ni polipropilini isiyofumwa, yaani nyuzi za plastiki zilizobanwa pamoja bila kufumwa, aina ileile iliyoshauriwa. Chukua mfuko mpya usio na maandishi, uoshe, ukauke, kisha uuweke juu ya mdomo na upumue. Ukikubana, ni mzito mno, tafuta mwengine. Mwisho weka tabaka zote tatu pamoja mbele ya taa. Ukiliona umbo la balbu, kitambaa hicho hakifai.

Kwa mtu mzima, kata vipande vitatu vya inchi 9 kwa 7. Baada ya mishono hubaki 8 kwa 6. Piga marinda matatu, kila moja lile inchi moja, na upande wa nje marinda yatazame chini yasichote vumbi. Ubavuni itabaki inchi 3. Mpira wa sikio ukatwe inchi 7 kila upande. Kwa mvaa ushungi mpira huteleza, basi atiliwe kamba mbili za kufunga kisogoni, moja juu na moja chini.

Puani ndipo kazi ya fundi inapoharibika. Barakoa isiyo na waya huacha uwazi pande mbili za pua, na pumzi nyingi hupita hapo kwa kuwa ndiyo njia nyepesi kuliko kupenya kitambaa. Mwenye miwani hahitaji kuambiwa: vioo vikifanya ukungu, pumzi inatoka juu. Shona mfuko mwembamba ukingo wa juu, utie waya wa inchi 4, uache tundu la kuutolea wakati wa kufua. Waya wa chuma hushika kutu kwa jasho letu hili la pwani na hutia madoa yasiyotoka. Waya mwembamba wa umeme, wa shaba, pamoja na ganda lake, ni bora zaidi. Ncha zikunjwe, la sivyo zitachoma uso.

Wapo waliodhani nikabu inatosha. Nikabu ni tabaka moja tena imeachwa wazi chini, kwa hivyo barakoa ivaliwe ndani yake. Ndevu nene nazo huinua barakoa; simwambii mtu azinyoe, ila ajue kwamba pale hewa inapita. Watoto wa chini ya miaka 2 wasivalishwe kabisa.

Hewa yetu ina unyevu mwingi, hasa masika. Barakoa iliyovaliwa asubuhi huweza kuwa imerowa adhuhuri, na ikirowa haipitishi pumzi vizuri. Mtu ataishusha kidevuni, kisha ataipandisha na vidole vilivyotoka kushika noti. Mfanyakazi wa sokoni awe na tatu kwa siku. Ivuliwe kwa kushika mipira, iingizwe mfuko wake peke yake, na jioni ifuliwe kwa sabuni kisha ichemshwe japo dakika moja. Kuchemsha hakuliharibu lile tabaka la katikati. Pasi ya moto mkali huliyeyusha.

Asiyeweza kuchemsha atumie dawa ya klorini ya kufulia. Soma kibandiko: ikiwa ni asilimia 3.5, robo lita ya dawa kwa lita 8 na nusu za maji hutoa asilimia 0.1. Loweka barakoa iliyokwisha kufuliwa dakika moja, suuza mpaka harufu iishe. Mchanganyiko huo huo hupangusia vitasa na meza. Ufanywe mpya kila siku na uwekwe kivulini, kwani jua huumaliza nguvu. Usichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi inayounguza mapafu. Na tusirudie mchezo wa kuwapulizia watu klorini mlangoni. Huwasha macho na kifua, wala haimfikii kirusi aliyekwisha kuingia mwilini.

Nije kwenye mikono. Kirusi cha Uviko-19 kimevaa ganda la mafuta, na sabuni ndiyo inayolivunja. Tatizo letu ni maji ya visima: mengi yana chokaa au chumvi, na sabuni ya mche hukataa kutoa povu, badala yake huganda kama utando mweupe. Watu hukata tamaa wakasuuza tu. Sabuni ya unga hutoa povu hata kwenye maji hayo. Tia gramu 30, kama vijiko viwili vya kulia vilivyojaa, katika chupa ya maji ya lita moja na nusu, tikisa, toboa kifuniko kwa msumari, uitundike kwa kamba kando ya ndoo. Haiyeyuki chini kama kipande cha sabuni, na hakuna wa kuiiba. Sugua sekunde 20 kabla ya kusuuza, usisahau gumba na ncha za vidole.

Ndoo yenye mfereji ina kasoro yake: unaufungua kwa mkono mchafu, unaufunga kwa mkono uliokwisha kuoshwa. Kibuyu chirizi cha dumu la lita 5, kinachoinamishwa kwa kijiti cha kukanyaga, hakishikwi kabisa. Husikia pia hoja kwamba sisi tunatia udhu mara tano, basi tumeshanawa. Udhu ni ibada, hautumii sabuni. Na pale ambapo bado watu wanachota kwa kopo moja hodhini, mikono yote hukutana majini. Chupa ya sabuni itundikwe kabla ya kufika hodhi, mtu anawe kwanza, kisha atie udhu wake.

Kwenye usafiri, gari zetu za mbao zilizo wazi ubavuni ni salama kuliko basi dogo la vioo, mpaka mvua inyeshe na maturubai yashushwe. Hapo abiria ishirini na kitu huvuta hewa moja, na hapo hasa ndipo barakoa inapohitajika, kama ilivyo kwenye ukumbi wa boti uliofungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Konda ashushe turubai la upande unaopigwa na mvua tu, la pili aliache juu.

Mkufunzi wa afya ya jamii,
Mwanakwerekwe, Unguja.