Rehema mwanangu, kifungue tena kitabu

Mwanangu Rehema,

Wa aleikum salaam. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza usiku bibi yako akiwa kando yangu. Anakusalimu sana, anauliza kama ile sweta aliyokufumia inafaa kwa baridi ya Baltimore. Huku Tanga sote wazima, alhamdulillah.

Hiyo Kindred iliyowagombanisha darasani naijua. Riwaya yenyewe aliiandika Octavia Butler, ikatoka 1979: Dana, mwanamke mweusi wa California, anavutwa ghafla kurudi Maryland ya enzi ya utumwa kila Rufus, mtoto wa mzungu Weylin mwenye shamba, anapokuwa hatarini. Kitabu cha picha mnachosoma ninyi ni cha 2017: Damian Duffy aliyafupisha maneno, John Jennings akachora. Unasema mwenzio mmoja kalalamika kwamba michoro mibaya, nyuso zimekunjamana na mistari inaparuza. Mwingine kaona hadithi inakimbizwa. Mwingine katoka nje analia. Wewe ukakifunga pale baba mtumwa wa yule mtoto Alice anapofungwa mtini na kuchapwa mijeledi, ukaniuliza: Mama, kitu kama hiki ni haki kukichora?

Swali lako ni zito kuliko ubishi wa wenzio, na mimi sitaki ukiache kitabu hapo, kwa hiyo nivumilie.

Nianze na hao wanaodai michoro mibaya. Walitaka iwe mizuri ya namna gani? Shamba la Weylin, kule Maryland ya mwaka 1815 na kuendelea, halikuwa mahali pa kuchorwa kwa mistari laini. Tazama Jennings alivyotumia rangi. Nyumba ya Dana huko California, mwaka 1976, ameipaka rangi za kahawia zilizofifia. Dana akivutwa kurudi zamani, rangi zote zinawaka. Mtu angetegemea kinyume chake, kwamba zamani ndiyo ififie. Lakini hivyo ndivyo Butler alivyoandika: Dana akirudi kwake anaikuta nyumba yake mwenyewe haina uzito, na enzi ya Rufus ndiyo inayomshika kwa nguvu zaidi. Jennings alilisoma hilo akalitia kwenye rangi bila kuongeza neno. Ile tuzo ya Eisner waliyopewa 2018 kwa kugeuza kitabu kuwa katuni, kwangu mimi waliistahili kwa hilo peke yake.

Wanaosema hadithi inakimbizwa, hao nawaunga mkono. Kuna kitu katika riwaya ambacho picha haiwezi kukitunza hata mchoraji awe fundi kiasi gani. Kwenye riwaya unaishi na Kevin, mume wa Dana, kurasa nyingi tu bila kuambiwa rangi yake. Unamwona anavyomhangaikia mkewe, unampenda, ndipo baadaye unajulishwa kwamba ni mzungu, na kila ulichokwisha kukisoma inabidi ukifikirie upya. Kwenye picha unamwona mzungu tangu mwanzo. Mchoraji hana pa kumficha. Mwenzio aliyesema hakushtuka na jambo lolote kuhusu Kevin alisema kweli, na kosa si lake.

Sasa mjeledi. Katika riwaya, Dana amelala kichakani gizani, karibu kabisa, anamtazama yule mtumwa akipigwa kwa kosa la kuja kumwona mkewe bila cheti cha ruhusa. Hapohapo Butler anamfanya akumbuke kwamba aliwahi kuona watu wakipigwa kwenye televisheni na kwenye sinema, ile damu ya bandia iliyozidi wekundu. Lakini hakuwahi kulala karibu nao akasikia harufu ya jasho lao, wala kusikia mtu akiomba na kulia mbele ya mkewe na mtoto wake. Yaani mwandishi mwenyewe alikwisha kusema kwamba picha haifikishi. Wakaja Duffy na Jennings wakalazimika kuchora mahali palepale ambapo maandishi yanasema picha hazitoshi. Nadhani walilijua hilo. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ni haki kuchora, mradi anayechora asimfanye anayepigwa kuwa tamasha. Na wewe uliyeshindwa kutazama umesoma sawasawa. Ningeogopa kama ungepita hapo bila kusimama.

Lakini ukiishia hapo utadhani ubaya wa utumwa ni mjeledi tu, na Butler hakusema hivyo. Kinachonitisha zaidi kinakuja mbele, tena hakina damu. Dana na Kevin wanawakuta watoto wa watumwa wakicheza mnada: mmoja kasimama juu ya kisiki anauzwa, mwingine anataja bei, na wanabishana bei kwa furaha kabisa. Kevin anaona ni mchezo wa watoto tu. Dana anaona jinsi mtu anavyozoeshwa. Naye mwenyewe, siku zinavyokwenda, anajikuta anazoea jiko la Weylin, anazoea kuinamisha macho, anaanza kupaona kama kwao. Kuzoea huko kunakwenda polepole mno, ndani ya kichwa chake, na hapo ndipo utaihitaji riwaya. Kitabu cha picha kitakuonyesha mgongo wa Dana uliochapwa. Riwaya itakuonyesha akili yake ikianza kukubali.

Kuna jambo jingine, Rehema, ambalo sisi wa pwani tunalielewa haraka kuliko wenzio wa hapo darasani. Umeshafika mahali Dana anapotambua kwamba Rufus ni mmoja wa mababu zake wa kale, na kwamba lazima amwokoe ili Hagar, bibi wa ukoo wao, azaliwe, na ukoo wao uwepo. Utaona mbele huyo Hagar anapatikanaje kwa Alice, sitakuharibia. Ila fikiria masuria wa huku kwetu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, na Tanganyika utumwa ulibaki kuwa halali hadi 1922. Bibi yako aliwaona watu waliozaliwa katika enzi hiyo. Kwa sheria yetu mtoto wa suria ambaye baba yake alimkubali alizaliwa huru, akabeba jina la baba. Maryland mtoto alifuata hali ya mama, mama akiwa mtumwa naye ni mtumwa, hata kama baba ndiye mwenye shamba. Sheria mbili tofauti, lakini hakuna hata moja iliyomuuliza mwanamke kama anataka. Nyumba ngapi hapa mjini zinataja ukoo wa baba hadi Arabuni, na ukiuliza mama yake babu alikuwa nani, watu wananyamaza? Nilipomuuliza bibi yako juu ya upande wake, alichukua muda kabla ya kunijibu. Aliyoniambia nitakueleza ukija, si ya kuandika hapa.

Butler naye aliianzia nyumbani kwao. Alizaliwa Pasadena mwaka 1947, mama yake akifanya kazi za ndani katika nyumba za watu, akiingilia mlango wa nyuma. Mtoto akiona hayo aliona aibu, hakupenda mama yake akubali kudharauliwa. Alipokua ndipo alipoelewa kwamba kukubali kule ndiko kulikomlisha. Alifariki 2006, hakukiona kitabu cha picha. Ningependa sana kujua angesemaje.

Basi fanya hivi. Maliza kwanza cha picha, usiruke ukurasa. Kisha uazime riwaya maktaba, usome hasa sehemu inayoitwa “The Fight”, ndefu kuliko zote, uone ni mambo gani Duffy aliyaacha na kama wewe ungeyaacha. Shamba la Weylin Butler aliliweka karibu na Easton, ng’ambo ya ghuba ya Chesapeake, katika wilaya ileile alikozaliwa Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mpigania uhuru wa watumwa. Hapo ulipo si mbali. Ukipata mwenzako wa gari nendeni siku moja mkaone nchi ilivyo, maana Butler mwenyewe alisafiri hadi Maryland kabla ya kuandika.

Hela ya kitabu cha takwimu baba yako ameshaituma, angalia kwenye akaunti. Ukifika kwenye mchezo wa mnada nipigie, hata kama huku ni usiku.

Mama yako