Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Tim Walberg kuhusu ovataimu ya wenye mshahara

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Elimu na Nguvukazi, Baraza la Wawakilishi la Marekani

Mheshimiwa,

Tunakuandikia kwa Kiswahili ili Waswahili wa Louisville, Houston, Fort Worth na Portland ya Maine wasome wenyewe tunachokuomba kwa ajili yao. Ofisi yako haitakosa mkalimani.

Chukua mbeba boksi wa ghalani anayelipwa dola 16 kwa saa. Akipiga saa 55 kwa wiki, saa 40 za mwanzo zinampa dola 640, na saa 15 za ziada (ovataimu), kwa moja na nusu, yaani dola 24 kila moja, zinampa 360. Jumla ni dola 1,000. Sasa apandishwe cheo awe meneja msaidizi kwa mshahara wa dola 750 kwa wiki, saa zibaki zilezile 55. Keki imeshaliwa, picha zimepigwa, na mapato yameshuka kwa dola 250. Kila saa yake sasa ni dola 13.64. Mwajiri anaweza kufanya hivyo bila kuvunja sheria ya taifa, kwa kuwa kiwango ambacho mwenye mshahara, yaani asiyelipwa kwa saa, akikifikia anaweza kunyimwa ovataimu ni dola 684 kwa wiki, yaani 35,568 kwa mwaka. Mwongozo wa umaskini wa serikali yenu wa mwaka 2025 kwa familia ya watu watano ni dola 37,650. Familia za kwetu, Mheshimiwa, haziishii watu watano.

Sheria ya kazi ya 1938 iliwaondoa kwenye ovataimu viongozi, maofisa utawala na wataalamu wa kweli, ikaiachia Wizara ya Kazi ieleze ni akina nani hao. Wizara huwapitisha kwenye vichujio vitatu: alipwe mshahara usiopunguzwa kwa kuchelewa au kutoka mapema, mshahara huo ufikie kiwango, na kazi yake kuu iwe ya aina hiyo. Kwa kiongozi, maana yake ni kusimamia idara, kuongoza watu wasiopungua wawili wa muda wote, na neno lake kuwa na uzito katika kuajiri na kufukuza. Jina la cheo peke yake halihesabiwi.

Kichujio cha tatu ndicho kinachovuja. Kabla ya 2004 kulikuwa na kipimo kirefu kilichosema kazi isiyo ya uongozi isizidi asilimia 20 ya saa, au 40 kwenye maduka na huduma. Mwaka huo kikafutwa. Leo meneja msaidizi anaweza kupanga rafu, kukaanga viazi na kupiga deki karibu zamu nzima, ikasemwa kwamba huku anadeki, huku anasimamia. Ili kumbishia mwajiri, inabidi aonyeshe mambo ambayo hakuna aliyeyaandika: nani alipanga ratiba, nani aliulizwa kabla mtu hajafukuzwa, alikuwa na watu wangapi chini yake kila wiki. Saa zake pia mara nyingi hazimo popote, kwa kuwa aliyeondolewa kwenye ovataimu halazimiki kuandikiwa saa. Na madai yana muda: miaka miwili, au mitatu ikithibitika mwajiri alikusudia. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2023 waliona vyeo vya umeneja vikijazana juu kidogo tu ya kiwango cha mshahara, wakakuta hata meneja wa kuosha mazulia.

Ndiyo maana kichujio cha pili kina thamani kubwa. Ni namba. Mfanyakazi anatazama karatasi ya mshahara na jibu analo, bila wakili.

Lakini namba isiyosogezwa huoza. Dola 250 za mwaka 1975 zilikaa hadi 2004. Zikawa 455, nazo zikakaa hadi mwisho wa 2019. Kanuni ya 2016 ilitaka 913, hakimu wa Texas akaizuia siku tisa kabla ya kuanza. Kanuni ya 2024 ilipanda hadi 844 tarehe 1 Julai mwaka huo, na ingefika 1,128 tarehe 1 Januari 2025, kisha ipitiwe kila miaka mitatu. Tarehe 15 Novemba 2024 mahakama, Texas tena, ikaifuta yote, pamoja na ile hatua ya Julai iliyokwisha kuanza. Tukarudi 684.

Wewe mwenyewe uliongoza mbio za kuipinga kanuni ya mwaka 2016. Ulipeleka muswada wa kuibatilisha kanuni na kuzuia kiwango kisijipandishe chenyewe, kisha ule wa kuichelewesha miezi sita uliopita Baraza la Wawakilishi kwa kura 246 dhidi ya 177. Kuchelewesha tunaweza kubishana. Tunachokiogopa zaidi ni njia ya azimio la kukataa kanuni, chini ya sheria ya 1996 inayoliruhusu Bunge kufuta kanuni za wizara. Azimio hilo likija ndani ya muda wake, Seneti hulipitisha kwa wingi wa kawaida wa kura, na rais akilisaini, Wizara haiwezi tena kutoa kanuni inayofanana nayo kimsingi mpaka Bunge litunge sheria ya kuiruhusu. Mwaka 2001 kanuni ya kuwalinda wafanyakazi na maumivu ya kunyanyua na kurudiarudia kazi ilizikwa hivyo. Mpaka leo, wabeba boksi hawana kanuni ya taifa ya namna hiyo. Hukumu ya mahakama inaweza kukatiwa rufaa. Azimio ni kufuli.

Hoja ya gharama tunaisikia, hasa ya shule na mashirika madogo. Ila hesabu yake hutiwa chumvi. Mtu wa dola 45,000 kwa mwaka hupata 865.38 kwa wiki. Akifanya saa 50, saa 10 za ziada kwa moja na nusu ni sawa na 15, hivyo wiki ina saa 55 za malipo. Mwajiri akipanga dola 15.73 kwa saa, analipa kilekile. Mfanyakazi hapo hakuongezewa hata senti, tunakiri. Alichopata ni kwamba saa zake sasa zinaandikwa, na ya 51 ina bei.

Mahakama ilisema kiwango kikiwa juu mno kinameza kichujio cha tatu, kile cha aina ya kazi. Basi namba iandikwe na Bunge lenyewe. Tunaomba sheria iweke kiwango kwa hatua, kuanzia pale 1,128 ilipoishia, kisogezwe kila miaka mitatu kwa takwimu za mishahara. Tunaomba pia ukomo wa asilimia kwa kazi isiyo ya uongozi urudi. California wanao wa nusu ya saa za kazi, pamoja na kiwango cha dola 70,304 kwa mwaka 2026. Texas na Kentucky hakuna kiwango cha jimbo kilicho juu ya cha taifa, kwa hiyo watu wetu wa huko hawana pengine pa kukimbilia. Na azimio lolote la kukataa kanuni ya ovataimu likiletwa mbele ya kamati yako, tunaomba lisitoke humo.

Wako,
Waswahili tunaofuatilia sheria za kazi Marekani