Nakshi za kuchongwa zichorwe kwa mkono hata kwenye kishikwambi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala ambao haujaisha miongoni mwetu tunaonakshi metali kwa mkono, yaani kama ni halali kwa fundi kuchora nakshi zake kwenye kishikwambi kwa njia ya vekta, yaani mistari inayohifadhiwa kama hesabu, badala ya penseli na karatasi. Wako wakongwe wa kazi hii wanaosema kwamba kioo kinamnyima mchoraji mkono wake, na wako vijana wanaosema kwamba penseli imepitwa na wakati. Mimi naamini kwamba mchoro wa vekta unaikaribia kazi ya kalamu ya chuma, yaani chombo chenye ncha kali cha kuchongea metali, kuliko mchoro wa aina nyingine yoyote, lakini kwa sharti moja ambalo siku hizi linavunjwa bila haya: kila mstari uwekwe na mchoraji mwenyewe, wala asiachiwe kazi hiyo programu inayogeuza picha kuwa vekta kwa mguso mmoja.

Nianze na asili ya chombo chenyewe, kwa kuwa wengi wanaokipinga, na wengi wanaokisifu pia, hawajaitazama. Picha ya kawaida ya kidijiti imejengwa kwa pikseli, yaani viraba vidogo vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu. Nakshi yenye upana wa milimita 25 ikichorwa kwa pikseli 300 kwa kila inchi inapata takriban pikseli 295 tu kutoka ukingo hadi ukingo, na mstari wa milimita 0.1, ambao kwa mchongaji ni mstari wa kawaida kabisa, unaambulia pikseli moja na kidogo. Hapo hakuna mkunjo laini unaoweza kusimama. Vekta haihifadhi viraba, inahifadhi njia. Inasema mstari unaanzia nukta hii, unaondoka kwa mwelekeo huu, unaishia nukta ile, na hesabu hiyo hubaki sahihi hata mchoro ukipunguzwa uenee juu ya pete au ukikuzwa ufunike ukuta.

Hesabu yenyewe ilizaliwa katika viwanda vya magari nchini Ufaransa. Paul de Casteljau aliifanyia kazi akiwa Citroën mwaka 1959, lakini kampuni hiyo iliifanya siri, na hivyo mikunjo hiyo ikaja kubeba jina la Pierre Bézier wa Renault, aliyeitangaza katika miaka ya 1960. Wote wawili walitaka namna ya kueleza maumbo ya bodi za magari kwa namba. Kipande kimoja cha mkunjo wao kina nukta 4: mbili za mwisho, ambazo mstari hupita ndani yake, na mbili za kuvuta, ambazo mstari huzielekea bila kuzifikia. Wanaodai kwamba hesabu hii ni ya kukadiria tu wana haki kwa kiasi kidogo sana, kwani duara iliyojengwa kwa vipande 4 vya namna hiyo hukosea nusu kipenyo kwa asilimia 0.03 hivi. Katika duara yenye nusu kipenyo cha milimita 10, kosa hilo halifiki milimita 0.003. Hakuna mkono wala kalamu ya chuma inayoweza kulihisi.

Mchongaji naye hufanya nini? Huizamisha ncha ya kalamu kwenye metali mahali fulani, huisukuma kwa mwelekeo mmoja huku mkono wa pili ukizungusha kazi taratibu, kisha huitoa. Upana wa mstari wake hutokana na kina. Ncha iliyonolewa kwa pembe ya digrii 90 huacha mfereji wenye upana mara mbili ya kina chake, na ncha ya digrii 120 huacha mfereji wenye upana wa karibu mara tatu na nusu ya kina. Akisukuma kwa kina zaidi mstari unanenepa, akipunguza unakonda hadi kutoweka. Kwa maneno mengine, mchongaji anaufikiria mstari kama njia moja ya katikati ambayo upana wake unabadilika njiani. Mchoro mzuri wa vekta nao ni hivyo hivyo: njia moja ya katikati, na juu yake upana unaoongezwa na kupunguzwa pale mchoraji anapotaka. Penseli haiwezi kuonyesha njia hiyo kwa uwazi wa namna hii, kwa sababu risasi ya penseli hufunika kile kinachopaswa kuonekana.

Sasa tazama kinachotokea programu inapopewa picha ya nakshi, mara nyingi picha ya kazi ya fundi mwingine, na kuamriwa iigeuze kuwa vekta. Programu haioni mstari. Inaona doa jeusi lililozungukwa na weupe, kwa hiyo inachora mpaka wa doa hilo, ukingo mmoja upande huu na ukingo mwingine upande ule, na katikati, mahali ambapo kalamu ya chuma ilipaswa kupita, hapana kitu. Kila chembe ya karatasi na kila kivuli cha taa hugeuka kuwa nodi, yaani nukta ambazo mstari hupita ndani yake, na mzongo, yaani shina la nakshi linalojiviringa, ambao mchoraji makini angeumaliza kwa nodi zinazohesabika kwa vidole hurudi ukiwa umejaa nodi tele zinazotetemeka. Faili hiyo ikipelekwa kwenye mashine ya leza inayofuata njia, mashine itapita kingo zote mbili na kuacha mifereji miwili myembamba mahali pa mmoja. Ikichapwa na kuhamishiwa kwenye metali ili ichongwe kwa mkono, jicho halijui lifuate ukingo upi. Baadhi ya programu, Inkscape ikiwamo tangu toleo la 1.0 la mwaka 2020, zina njia ya kutafuta mstari wa kati, nayo inafaa kwa michoro mingi ya kiufundi. Kwenye nakshi, hata hivyo, inakosea palepale penye thamani, yaani kwenye makutano, kwa sababu pale mistari miwili inapokaribiana doa linakuwa moja, mstari wa kati unavutwa pembeni, na tawi lililopaswa kuchomoza kwa ulaini linaonekana limevunjika.

Makutano hayo ndiyo roho ya nakshi za mizongo. Owen Jones, msanifu majengo wa Uingereza, aliandika mwaka 1856 kwamba katika mapambo ya uso mistari yote itoke kwenye shina moja, na kila pambo, hata liwe mbali kiasi gani, liweze kufuatiliwa hadi kwenye tawi lake na mzizi wake. Tena akataka kila mkunjo unapokutana na mwingine uuguse kwa kuufuata, usiukate. Kwenye kishikwambi kanuni hiyo inatimizwa kwa usahihi ambao karatasi haina, maana unaweka nodi ya tawi juu ya shina, kisha unaulaza mkono wa kuvutia wa nodi hiyo, yaani mstari unaoiunganisha na nukta yake ya kuvuta, uelekee sawasawa na mwendo wa shina mahali hapo. Programu haiwezi kukuchagulia tawi litoke wapi. Hilo ni la macho, na macho hufundishwa na mazoezi ya kutazama kazi nzuri.

Naomba nieleze utaratibu ninaouona kuwa wa haki, kwa faida ya vijana. Mchoraji aanze kwa kuchora kwa mkono huru kwenye tabaka la chini, kwa kalamu ya kishikwambi au kwa penseli kisha apige picha, bila kujali usafi. Tabaka hilo alififishe na kulifunga. Juu yake ajenge shina la kila mzongo, na shina tu. Hapa ndipo ninapowasihi watu watulie kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mzongo wenye shina bovu hauokolewi na majani. Kuna mzingo wa Archimedes, ambao nafasi kati ya mzunguko na mzunguko ni sawa daima. Huo unafaa kwa springi ya saa, lakini kwenye nakshi unaonekana umekufa. Mzongo ulio hai hupanuka kwa uwiano, nafasi zake zikiongezeka kadiri unavyotoka katikati, karibu na ule mzingo ambao wanahisabati huuita wa kilogarithi. Nodi ziwe chache. Ziwekwe kwenye vilele vya mkunjo, yaani mahali unapofika juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa na kulia kabisa, na mikono yake ilale wima au mlalo. Waundaji wa herufi za chapa hufanya hivyo hivyo, na kwa sababu ileile, kwamba mkunjo wenye nodi kwenye vilele vyake unarekebishika bila kuharibika. Shina linapogeuka kutoka mzongo mmoja kwenda mwingine kwa umbo la herufi S, napendelea kuongeza nodi moja pale pa kugeukia. Umbo hilo linastahili uangalifu: William Hogarth, aliyejifunza kunakshi fedha kabla ya kuwa mchoraji maarufu, alilitetea kwa maandishi mwaka 1753 kama mstari wa uzuri wenyewe.

Majani yafuate baada ya shina kukamilika. Jani la akanthasi, ambalo limepamba vichwa vya nguzo tangu Ugiriki ya karne ya 5 kabla ya Kristo, lina mshipa mkuu, na kila ncha ya jani hurudi kwenye mshipa huo. Anayechora ukingo wa jani kabla ya mshipa anachora doa, si jani. Mistari ya kivuli iwe ya mwisho kabisa, na kila mmoja uwe njia moja iliyo wazi, inene mwanzoni na ikonde kuelekea mwishoni, kama kalamu ya chuma inavyofanya inapotoka kwenye metali.

Liko jambo ambalo kishikwambi kinaliharibu kweli, na hapa wakongwe wana hoja. Kioo kinakuza. Nakshi ya milimita 25 ikijaza kioo chenye upana wa milimita 200 imekuzwa mara 8, na nafasi ya milimita 0.05 kati ya mistari miwili ya kivuli, ambayo mkononi karibu haionekani, inajionyesha kwenye kioo kama nafasi ya milimita 0.4 na kumshawishi mchoraji kupenyeza mstari mwingine. Matokeo yake ni michoro iliyosongamana ambayo haichongeki, au ambayo ikichongwa inageuka kivuli kimoja cheusi. Dawa ninayoijua ni kuweka ukubwa halisi wa kazi tangu faili inapofunguliwa, kuandika kando unene wa mstari mwembamba kuliko yote unaoweza kuchongwa kwa kalamu uliyo nayo, na kuchapa kwenye karatasi kwa ukubwa huohuo kila hatua inapokamilika. Karatasi ina kazi yake hata katika ufundi huu.

Kugeuza upande kwa kioo, yaani kunakili nusu ya nakshi ili ipate nusu ya pili, ni ruhusa mradi makutano ya katikati yachorwe upya kwa mkono. Vilevile mchoraji asisahau kwamba mchoro unaochapwa ili wino wake uhamie kwenye metali lazima uchapwe ukiwa umegeuzwa, la sivyo maandishi yatasomeka kinyume.

Kwa wale wanaosema kwamba fundi wa kweli huchora moja kwa moja kwenye metali, nawakumbusha kwamba hata Albrecht Dürer, ambaye baba yake alikuwa sonara na ambaye wachongaji wengi wanamhesabu kuwa kilele cha kazi hii, alijiandaa kwanza kwa kuchora. Michoro yake ya maandalizi ya Adamu na Hawa, kazi aliyoichonga mwaka 1504, ipo hadi leo. Maandalizi hayakumpunguzia ufundi. Nami nasema kalamu ya kishikwambi haimpunguzii mtu ufundi ikiwa kila nodi ameiweka kwa kusudi na anaweza kueleza kwa nini iko pale.

Ombi langu kwako, Mhariri, na kwa walimu wa sanaa na waamuzi wa mashindano wanaosoma gazeti hili, ni la vitendo. Makala zinazowaelekeza vijana kuhusu programu za kuchorea ziache kuahidi kwamba picha yoyote inageuka nakshi kwa mguso mmoja. Na kazi ya vekta inapoletwa kupimwa, isitazamwe ikiwa imevaa rangi na unene wake tu. Programu za vekta zenye uzito zina mwonekano wa mifupa, ambao huondoa rangi na unene na kubakiza njia tupu. Mwalimu aufungue mwonekano huo mbele ya mwanafunzi, atazame nodi ni ngapi na zimekaa wapi, matawi yanatokaje kwenye shina, na kama mstari wa kivuli ni njia moja au ni kingo mbili. Ikiwezekana, faili ihifadhiwe katika muundo wa SVG, ambao umekuwa kiwango cha wazi tangu mwaka 2001 na ambao hausomwi na programu ya kampuni moja peke yake, ili mchongaji atakayeipokea miaka mingi baadaye aweze kuifungua, kuuona mfupa wa nakshi kama ulivyowekwa, na kuuchonga.

Wako,
Msomaji na mchonga nakshi