Paladini akivunja kiapo asiachwe hivi hivi

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum wewe na wasomaji wote. Kurasa zenu za vijana mara nyingi ni mpira na muziki, sina neno na hilo, lakini tuko wengine hapa Mombasa wikendi zetu twazimalizia kwenye michezo ya kuigiza wahusika, ile ya dadu na karatasi, hasa Dungeons & Dragons, na kuna jambo limetugawa hapa Kibokoni tunakochezea mpaka watu wawili hawasemezani, kwa hivyo nimeona nilitoe gazetini manake kikundi chochote kitakachocheza muda wa kutosha kitafika hapo hapo.

Jambo lenyewe ni paladini. Kwa asiyejua, huyu ni shujaa wa dini, mpiganaji aliyekula kiapo na kwa kile kiapo akapata karama: akimgusa majeruhi anapona, akipiga upanga anaweza kuongezea nuru inayounguza, na hiyo nuru ikimpata jini mbaya au maiti anayetembea inaunguza zaidi. Kwa sheria za mchezo huu zilizotoka 2014, ambazo ndizo tunazochezea, akiba yake ya uponyaji ni pointi 5 kwa kila levo, yaani kila ngazi anayopanda, yaani paladini wa levo 4 ana pointi 20 kila siku za kugawia wenzake. Ndiyo maana kila mtu anamtaka.

Sasa sikia kilichotokea. Mchezaji wetu ana paladini wa kiapo cha ibada, ambacho nguzo zake ni ukweli, ujasiri, huruma, heshima na wajibu. Tumewashinda majambazi porini, mmoja amebaki, ametupa upinde chini, amepiga magoti anasema amesalimu amri. Paladini akamkata shingo pale pale, ati "asije akatufuata usiku." Kisha akageuka, akaweka mkono ule ule juu ya kifua cha mwenzetu aliyejeruhiwa, akaponya, pointi kamili, hakuna kilichopungua. DM, yaani yule anayeusimamia na kuusimulia mchezo, akanyamaza, mchezo ukaendelea. Mimi nilishindwa kunyamaza.

Wanaomtetea wasema sheria hizi za 2014 hazina adhabu. Si kweli, hawajasoma. Kwenye kitabu cha wachezaji cha 2014, sehemu hiyo hiyo ya paladini, kuna kisanduku kinachosema mvunja kiapo hutafuta msamaha kwa kasisi wa imani yake au kwa paladini mwenzake, anaweza kukesha usiku mzima akiomba au kufunga, na asipotubu kabisa DM anaweza kumtoa kwenye upaladini. Na nguzo ile ya huruma yasema umrehemu adui, ila kwa busara. Aliyepiga magoti hana silaha, busara gani hapo ya kumchinja? Akitaka kuchinja kuna kiapo cha kisasi, kipo kwenye kitabu hicho hicho, hicho kinamruhusu kuwa mkali kwa adui aliyemwapia. Angechagua hicho toka mwanzo hakuna ambaye angemgusa. Ila alichagua kingine kwa sababu karama zake ni tamu, na karama na masharti ni mkoba mmoja, huwezi kuchukua nusu.

Nakubali pia kwamba zamani walizidisha. Sheria za 1978 za Gary Gygax, mmoja wa waanzilishi wa mchezo huu, zilitaka paladini awe binadamu tu, awe na haiba 17 kwenda juu, haiba ikiwa moja ya alama za mhusika zinazopatikana kwa kurusha dadu, na kwa dadu tatu nafasi ya kupata 17 au 18 ni 4 kati ya 216, kisha akitenda uovu mara moja kwa kujua basi upaladini umekwenda moja kwa moja, harudi. Yaani kosa moja, maisha. Matokeo yake kukawa na ma-DM wanaotega mitego, wanamweka paladini mahali ambapo akienda kulia ni dhambi akienda kushoto ni dhambi, halafu wanamvua. Huo ni uonevu. Halafu 2008 wakaruka upande wa pili, ukishawekwa wakfu wewe ni paladini daima hata ufanye nini. Hapo sasa kiapo kimebaki maneno ya mdomoni.

Lakini kwenye zile za 1978 kuna kitu nakipenda mno na nasikitika kilitupwa: alitakiwa atoe fungu la kumi la mapato yake yote kwa taasisi ya dini, asiweke mali zaidi ya mahitaji yake ya kawaida, na vitu vya kichawi visizidi 10. Hiyo iliufanya mchezo uwe na ladha yake, manake wenzake wagawana dhahabu na yeye anahesabu ya kutoa. Kila kikao anakumbushwa yeye ni nani bila DM kumtegea chochote. Na makosa madogo, yale ya kuvunja utaratibu tu, alikwenda kuungama kwa kasisi wa levo 7 au zaidi, akapewa kafara, yakaisha. Hiyo njia ya kurudi ndiyo nataka mimi, tena iwe hata kwa makosa makubwa.

Na sisi watu wa Pwani kiapo hatufundishwi na mtu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo, msitu wao mtakatifu, wakala viapo, kiapo cha mukushekushe kwa wanawake na kiapo cha fisi kwa wanaume, kwamba hawatashirikiana na Mwingereza. Serikali ya kikoloni ilitishika manake ilijua watu wale wanakiogopa kiapo chao kuliko wanavyoiogopa bunduki yake. Ukimpa mchezaji kiapo kisichoogopwa hata kidogo, umempa nini?

Kuna wenzetu wengine, Waislamu na Wakristo, hawajisikii vizuri kuigiza anaomba miungu ya kubuni, na hili naliheshimu kabisa. Kwa paladini sheria za 2014 zilisaidia, nguvu zake zatokana na kiapo chenyewe na kujitolea kwake kwa haki, si lazima awe na mungu fulani wa mchezoni. Kasisi, ambaye naye ni aina ya mhusika wa kuigizwa, ndiye mgumu kidogo, karama zake zatoka kwa mungu wake. Sisi tulikubaliana kasisi aombe "Nuru" bila jina na ikatosha.

Jambo jingine dogo: sheria za 2000 zilimpa paladini uwezo wa kunusa uovu wakati wowote, watu wakawa wananusa sokoni wanaua. Ile ya 2014 inanusa viumbe wa mbinguni, wa kuzimu na maiti hai tu, ndani ya futi 60, binadamu mwenye roho mbaya haonekani. Hiyo ni bora sana, inabidi mtu aulize, asikilize, ahukumu kama watu.

Zamu ijayo DM ni mimi na nimeshawaambia wenzangu. Anayetaka paladini aandike kiapo chake kwa Kiswahili juu ya karatasi yake, tukisome wote kabla dadu kurushwa. Akikaribia kukivunja nitamwambia waziwazi kabla hajatenda, sitamvizia. Akikivunja, mkono hauponyi na upanga hautoi nuru mpaka akeshe, afunge, na atengeneze alichoharibu, na kwa huyu wetu hiyo ni kwenda kijijini kwa yule jambazi kumkabili mamake. Fungu la kumi lirudi pia. Vikundi vingine vyenye sheria yao kuhusu mateka viandike hapa hapa gazetini, nitazisoma na zikinishinda hoja nitazifuata.

Mchezaji, Kibokoni, Mombasa