Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maandalizi ya Wanafunzi Viziwi Wasioona kwa Maisha baada ya Sekondari

Ndugu wanachama,

Kazi iliyotuchukulia muda mwingi mwaka huu ni kuwaandaa vijana wetu viziwi wasioona kwa maisha ya baada ya kidato cha nne. Naitanguliza kwa sababu kijana akimaliza shule, mwalimu aliyezoea kuzungumza naye kwa mikono hubaki shuleni, naye hurudi nyumbani ambako mara nyingi ni mama tu anayejua kumweleza nani ameingia na leo kuna nini.

Tumekubaliana na walimu na wazazi kwamba maandalizi yasisubiri mtihani wa mwisho. Wenye ugonjwa wa Usher, ambao wengi wao huzaliwa na tatizo la kusikia na baadaye huanza kupoteza uoni, wakisumbuka kwanza gizani, wafundishwe lugha ya alama mguso, yaani alama zinazosomwa kwa kushika mikono ya anayezungumza, na nukta nundu wakiwa bado wanaona. Wanaotumia kalenda ya vitu, ambapo kijiko humaanisha chakula na kipande cha sabuni kuoga, tumewaongezea vitu vya kazi, kama kitambaa kwa zamu ya kushona.

Katika mafunzo ya sokoni, kijana mmoja alitenga noti zake kwa kuzikunja: ya elfu moja aliiacha wazi, ya elfu mbili akaikunja katikati, ya elfu tano akaikunja kwa urefu. Kisha alimpa muuza nyanya kadi iliyoandikwa kwamba yeye ni kiziwi asiyeona na anaomba aguswe mkono ikifika zamu ya kulipa. Muuzaji aliisoma, akamgusa, akamwekea chenji kiganjani. Mama mzazi alikuwa amesimama nyuma, na tulilazimika kumwomba zaidi ya mara moja asimsaidie.

Kuhusu ajira, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 yao, kwa uchache, ni watu wenye ulemavu. Kwa maoni yangu sharti hilo haliwafikii vijana wetu, kwani mwajiri anaweza kulitimiza bila kuajiri hata kiziwi asiyeona mmoja, na anayeajiriwa bila mkalimani hukaa tu kazini bila kupangiwa kazi. Ndiyo maana tumeelekeza nguvu kwenye mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambayo asilimia 2 ya mapato ya ndani imetengwa kwa watu wenye ulemavu, na ambayo ilirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusitishwa mwaka uliotangulia. Kijana mwenyewe ndiye anayechagua shughuli ya kuombea mkopo, hata kama mzazi alikuwa na mawazo mengine.

Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe sehemu ya ada zetu itumike kumlipa msaidizi wa mawasiliano kwa kila kijana anayemaliza shule, kwa mwaka wake wa kwanza nyumbani. Makadirio ya gharama mweka hazina atayawasilisha mara baada ya taarifa hii.