Mpwa wangu, hiyo karatasi iache nyumbani

Mpwa wangu,

Mama yako ananiambia kwamba tangu Jumapili unazunguka uani ukikariri, hadi kuku wamezoea. Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hushiki, na pia kwa sababu si wewe peke yako wa kidato cha nne hapa Kisumu unayejiandaa kusimama mbele ya majaji na mradi wa sayansi.

Enzi zangu nilikariri kurasa tatu, nukta kwa nukta. Nikiwa katikati ya ukurasa wa pili, jaji mmoja akainua kalamu: "Kipimo hiki ulikichukua saa ngapi?" Swali jepesi kabisa. Nikanyamaza, nikameza mate, kisha nikaanza upya: "Waheshimiwa majaji, hamjambo?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mpaka leo tukikorofishana, mama yako hunisalimia hivyo hivyo.

Wewe una kitu cha kuonyesha. Gugumaji, lile gugu linaloelea ziwani, ulilivuta mwenyewe pale ufuoni Dunga, ukalianika juani, ukalichoma ndani ya pipa, ukasaga mabaki yake meusi na kuyashikanisha kwa uji wa muhogo mpaka ukapata vipande vya makaa. Anzia hapo. Habari za ukubwa wa Ziwa Viktoria waachie wageni. Majaji hawa wameamka wakiliona. Weka mezani beseni la gugumaji bichi, na kando yake konzi moja ya lile kavu. Zaidi ya asilimia 90 ya mmea huo ni maji, kwa hiyo kila kilo 10 ulizobeba zilibaki chini ya kilo moja kabla hata hujawasha moto. Mwache jaji ainue beseni mwenyewe.

Na ile awamu ya kwanza ya makaa iliyomomonyoka mkononi? Nilikusikia ukimwambia mwenzako muifiche. Acha! Uji ulikuwa mwepesi, mkauongeza unga, makaa yakashikana. Mimi ningekuwa jaji, alama zangu ningekupa hapo, si kwenye ubao wenye karatasi za rangi.

Maswali magumu yatakuja. Makaa yako huacha jivu jingi kuliko ya mti. Watajie dakika za kuchemsha maji kama zilivyo daftarini, bila kupunguza hata moja. Gugumaji hunyonya madini mazito kutoka majini, basi mwenye macho atauliza kama jivu hilo ni salama kumwagwa kwenye sukuma wiki. Kama hamkupima, sema hamkupima.

Linalonisumbua mimi ni hili: gugumaji likianza kuleta pesa, nani atataka liishe? Asili yake ni Amerika Kusini, na katika miaka ya 1990 lilitanda Ghuba ya Winam, hapa ziwani kwetu, hata mitumbwi ikashindwa kutoka, mpaka wakaletwa wadudu wa kulitafuna. Lakini chakula chake, yaani mbolea za mashamba na maji machafu ya mji, bado kinatiririka na mito kila mvua inyeshapo. Pipa lako halizuii hayo. Usijidai linazuia.

Jumamosi nitapita kwenu saa tisa alasiri. Tayarisha jiko na sufuria ya lita moja, mimi nitashika saa. Majani ya chai nitakuja nayo.

Mjomba wako